Kumi na Saba, Kwenda Kulia

Huko hakukuwa na tarehe. Watu walihesabu maisha yao kwa miraba: fulani kazaliwa mraba wa mia mbili na tisa, fulani kafiwa na mumewe mraba wa mia sita, na aliyetaka kujua umri wake ilimbidi aende makavazini akayahesabu magazeti moja moja. Mara nyingine alirudi nyumbani akiwa mdogo kuliko alivyoondoka, kwa sababu magazeti mawili matatu yalikuwa yameliwa na mchwa, na hakuna aliyeshangaa. Feruzi mwenyewe aliwahi kuamka mzee, akawa kijana adhuhuri, akarejea uzeeni kabla chai haijapoa. Alichofanya ni kuvaa tena miwani yake na kuendelea na kazi.

Kazi yake ilikuwa kutunga chemshabongo. Msilicheke neno hilo. Kwenu huenda chemshabongo ni kitu cha ukurasa wa nyuma, mtu anajaza huku akisubiri zamu yake kwa daktari wa meno. Huko ndiyo iliyokuwa gazeti zima, maana gazeti halikuwa na habari nyingine. Mraba mmoja kila wiki, vidokezo arobaini, vingine kwenda kulia na vingine kwenda chini, na kila mwenye akili timamu alitakiwa aujaze na kutuma kuponi yake Idarani. Asiyetuma aliulizwa. Aliyeulizwa mara mbili alipakwa wino.

Kupakwa wino hakukuwa maneno ya kutishia watoto. Walikuja watu wawili wenye brashi na ndoo, mchana kweupe, wakalipaka jina lako weusi kwenye mlango, kwenye daftari la shule, kwenye kaburi la baba yako kama ulitajwa hapo, kisha wakakuchukua wewe mwenyewe hadi Jumba la Wino, mwisho wa barabara kuu. Jirani aliyekutaja baada ya hapo alikuwa anajitafutia brashi yake. Cha ajabu ni kwamba huko ndani nako gazeti lilifika, na waliopakwa wino nao walitakiwa kujaza mraba na kutuma kuponi kama wengine. Idara haikutaka mtu akae bure.

Feruzi alikuwa ametunga miraba mia tisa tisini na tisa. Alikuwa bingwa, na ubingwa wake haukuwa wa kubahatisha. Mfano ni kile kidokezo chake cha mraba wa hamsini: *Mlango ukikatwa kichwa hukua, herufi tano.* Ukiiondoa herufi ya kwanza ya mlango unabaki na lango, na lango ni kubwa kuliko mlango. Mji mzima ulicheka wiki nzima. Baada ya hapo akaja na mambo mazito zaidi. Kulikuwa na mraba wa majibu matupu, ambapo wafumbuzi ndio walioandika vidokezo. Kulikuwa na mraba wa kufuta, uliochapishwa ukiwa umejaa tele, na mshindi ni yule aliyejua herufi zipi aziondoe. Kulikuwa na ule wa mia saba, wa watu wawili waliokaa vyumba mbalimbali bila kusemezana, kila mmoja ana nusu ya vidokezo, na jibu la huyu halisimami bila kosa la yule. Watu walimsimamisha njiani wakamwambia, "Umetuweza, mzee!" naye akatabasamu, akaenda zake. Katika mwongozo aliowaandikia wafumbuzi wapya aliweka kanuni nyingi, na ya kwanza iliwataka waliogope neno lolote linalowajia haraka. Kizazi kizima kilikua kikiusoma mwongozo ule, kikafika mahali ambapo mtu akisalimiwa "Habari za asubuhi?" alisita kwanza, akajiuliza asubuhi imewekwa hapo kuficha nini.

Na ndivyo alivyomlea binti yake, Zubeda. Mtoto akiuliza, "Baba, viatu vyangu viko wapi?" hakuambiwa viko chini ya kitanda. Aliambiwa viko mahali ambapo aliyelala ana paa na aliye macho ana sakafu. Mama yake, Mwajabu, aligomba. "Mwambie tu mtoto viatu viko wapi, Baba Zubeda, anachelewa shule!" Lakini Zubeda hakugomba. Alikunja uso, akafikiri, akainama chini ya kitanda, akatoka na viatu mkononi akicheka, na Feruzi aliona hakuna furaha inayozidi ile. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Hakuwahi kumwambia hata siku moja kwa maneno yaliyonyooka.

Zubeda alipokuwa mtu mzima akaona jambo ambalo baba yake hakuliona, au alikataa kuliona. Visanduku vyeusi vya mraba havikuwekwa na Feruzi. Karatasi ilimjia kutoka Idarani ikiwa tayari imechorwa, vyeupe hapa na vyeusi pale, naye akatunga maneno ya kutosha kwenye nafasi iliyobaki. Zubeda akaitandaza miraba ya zamani sakafuni, akaifuata mmoja baada ya mwingine, akaona weusi unaongezeka, na kwamba kila ulipoongezeka kuna mtu alikuwa amechukuliwa. Akasimama kwenye foleni ya gazeti, saa sita mchana, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote: "Jamani, ni nani anayeamua kisanduku kipi kiwe cheusi?" Watu walikuwa wanatafuta swali lile linaficha nini. Kabla ya saa saba watu wa ndoo walishafika.

Hayo yalitokea mraba wa mia tisa sitini. Tangu siku hiyo Feruzi hakutunga kwa ajili ya sifa, alitunga ili afike elfu moja. Idara ilikuwa na sheria ya zamani, isiyowahi kutumika kwa kuwa hakuna mtunzi aliyewahi kuifikia: atakayetunga mraba wa elfu moja ataruhusiwa kuweka ndani yake jina moja la aliyepakwa wino. Likaitwa neno la hisani. Akipatikana mfumbuzi mmoja, mmoja tu, aliyejaza mraba wote sawasawa na jina lile likiwemo, mwenye jina atatoka Jumbani siku hiyo hiyo. Mji wote uliijua sheria hii. Ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukijua ni kidokezo kipi kati ya arobaini ndicho kilichobeba jina. Mtunzi akikionyesha kwa mdomo, kwa jicho au kwa kidole, jina linafutwa moja kwa moja na mwenyewe hatoki tena.

Mtu mmoja tu, akajiambia Feruzi. Katika mji mzima.

Akakaa mezani. Akaandika kidokezo cha jina la mwanawe, na kilikuwa kizuri ajabu, akakichana. Akaandika kingine. Kizuri zaidi. Akakichana. Aliandika vidokezo arobaini vya neno lile lile, na kila kimoja kilikuwa na mlango wa uongo na ngazi isiyofika popote, kwa sababu mkono wake haukujua kuandika namna nyingine. Akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Sema tu. Sema tu kilivyo. Ni nani huyu? Ni mwanangu. Basi sema hivyo. Siwezi kusema hivyo, hilo si fumbo. Unataka fumbo au unamtaka mtoto? Namtaka mtoto. Basi sema. Nimefungua kinywa na hakuna kitu. Mimi ni nani, ninayejua njia mia za kulizunguka neno na sijui kuingia ndani yake? Huenda mimi mwenyewe ni kidokezo cha mtu mwingine, kaniandika kisha akaenda kula, na jibu langu liko kwenye droo isiyofunguliwa. Huenda dunia ilianza na jibu, na sisi sote tukaletwa baadaye tulifunike. Acha hayo. Acha. Andika.

Akaandika: *Mwanangu. Herufi sita.*

Kikawa kidokezo cha kumi na saba, kwenda kulia. Akakizungushia maneno mepesi, ya kwenda chini, ili herufi za Z na B na D ziingie zenyewe bila taabu. Kisha akalia, maana ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwanawe kwa neno lake.

Mraba ulipelekwa kwa mkaguzi, Bi Sihaba, mwanamke mkimya aliyekuwa akivigonga muhuri vidokezo vya Feruzi tangu wa kwanza. Akasoma polepole, kidole kikishuka. Kikasimama.

"Mtunzi Feruzi, hiki cha kumi na saba kina neno moja tu."

"Ndiyo, Bi Mkaguzi."

"Kilichobaki kiko wapi?"

"Hakuna kilichobaki."

"Hata mtoto wa chekechea atakifumbua."

"Ndivyo ninavyotaka iwe."

Bi Sihaba akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Katika Idara nzima hakukuwa na mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa likimtia Feruzi hofu kila alipoingia humo.

"Mimi nimepewa uwezo wa kuzuia kidokezo kisichofumbulika," akasema. "Sikupewa wa kuzuia kinachofumbulika mno." Akagonga muhuri. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mzee wangu."

Feruzi akatoka bila kuelewa amepewa pole ya nini.

Gazeti likatoka. Siku tano Feruzi alizunguka mjini bila kula vizuri, akitazama nyuso. Wafumbuzi walikaa vibarazani, penseli masikioni, na kila alipopita walimtazama kwa heshima iliyochanganyika na huruma. Walikuwa wanamtafuta Zubeda. Hilo alilijua, na moyo ulimjaa shukrani hadi ukamuuma. Mji mzima uliokuwa ukiogopa kulitaja jina la mtu aliyepakwa wino ulikuwa umeinama juu ya karatasi, unamtafuta mwanawe.

Siku ya sita akaenda kunyolewa. Kinyozi wake, Shekue, alikuwa mfumbuzi hodari kuliko wote, mtu aliyewahi kuumaliza mraba wa kufuta kabla maji ya kunyolea hayajapata moto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Shekue."

Shekue akamfunga shuka shingoni, akachungulia mlangoni, akarudi akiwa anacheka kwa siri. "Mzee, leo niruhusu niseme. Wewe usijibu, najua sheria, wewe nyamaza tu. Tumempata."

Feruzi akashika mikono ya kiti.

"Tumempata binti yetu! Tena si mimi peke yangu, kijiwe kizima. Mwanzoni tulikaribia kuanguka. Kile cha kumi na saba, 'Mwanangu', herufi sita. Wale wapya wote wakarukia pale. Nikawaambia, wekeni penseli chini, nyie! Mzee Feruzi, miaka yote hii, aje aandike hivyo? Kile kimewekwa na Idara, wapate kujua nani anathubutu kuandika jina la aliyepakwa wino. Ni mtego! Basi tukarudi kwenye mwongozo wako. Neno linalokuja haraka liogope. Kidokezo kinasema 'mwanangu', lakini je, ni nani anayesema? Msemaji kafichwa! Nani hutoa kitu mwilini mwake, watu wakakigombania? Ngawa, yule mnyama kama paka! Na anachotoa ngawa ni nini, kama si zabadi, yale manukato? Herufi sita, na Z na B na D zote zimekaa mahali pake. Zabadi! Tulipiga makofi, mzee. Halafu tukamtafuta Zubeda mwenyewe, tukamkuta amejificha kwenye mshazari, kuanzia kona ya juu, ukiruka herufi mbili mbili. Kazi ya hali ya juu. Sijui ulilala saa ngapi."

Kwenye mshazari hapakuwa na kitu. Herufi ukizirukaruka vya kutosha zitakutajia jina lolote unalolitamani. Feruzi akataka kusema hivyo. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno, akakumbuka sheria: akilionyesha kwa mdomo, hatoki tena. Basi akanyamaza, na machozi yakamtiririka yakachanganyika na povu la sabuni.

"Usilie, mzee," akasema Shekue, naye macho yamemlowa. "Au lia tu. Hata kulia kwako kuna ustadi, mtu angedhani una huzuni kweli."

Alirudi nyumbani. Amefanya nini? Amewafundisha watu kwamba hakuna neno linalomaanisha lenyewe, na somo limewaingia. Kwa Idara ilikuwa sawa tu, kwa sababu mji ambao hauwezi kuamini kilio hauhitaji kulindwa na askari. Ndoo mbili na brashi zilitosha. Alimfikiria mtu wa kwanza aliyechora kisanduku cheusi. Huenda hakuwa dhalimu. Huenda alikuwa mtunzi kama yeye, aliyependa tu jinsi neno linavyopendeza likiwa nusu limefunikwa. Akakumbuka swali la mwanawe kwenye foleni, lililokuwa limenyooka, na kwa mara ya kwanza akalisikia lilivyokuwa. Alikuwa na jibu lake sasa, na jibu halikuwa la kumfaa mtu yeyote.

Asubuhi ya kuhesabu kuponi za majibu, Mwajabu alimwekea uji mezani. Mwanamke yule hakuwahi kujaza mraba maisha yake yote. Mumewe ndiye aliyemjazia kuponi kila wiki ili asije akaulizwa. Safari hii, kwa kuwa sheria ilimkataza mtunzi kugusa kuponi ya elfu moja, mke alikuwa ameijaza mwenyewe na kuituma.

"Kumbe kazi yenu hii si ngumu," akasema Mwajabu. "Nilifikiri ni elimu kubwa. Nimesoma nikaona ni swali tu, nikajibu."

Kijiko kikamdondoka Feruzi. Alimtazama mkewe, na damu ikamrudi usoni. Mtu mmoja tu. Hakuweza kuuliza kitu, sheria ilimziba kinywa, lakini aliinuka akamshika mikono yote miwili na kuibusu, jambo ambalo hakulifanya tangu mraba wa mia tatu.

"Una nini, Baba Zubeda? Uji unapoa."

Ukumbi wa Idara ulikuwa mrefu, mwanga wa saa nne ukiingia kwa madirisha ya juu. Makarani walifungua kuponi na kusoma jibu la kumi na saba kwa sauti, mmoja mmoja, Bi Sihaba akiwa mbele na Feruzi kando yake.

"Zabadi."

"Zabadi."

"Zabadi. Huyu ameweka na nyota pembeni."

"Zabadi."

Ilikuwa hivyo hadi saa sita. Wachache walikuwa wamekiacha kitupu, kwa woga. Kisha karani mmoja akasita.

"Hapa pana Zubeda."

Feruzi akasimama. Karani akaigeuza karatasi, akaitazama mbele na nyuma.

"Ila ni hilo tu. Visanduku vingine vyote ni vitupu. Mwandiko wa mtu asiyezoea."

Bi Sihaba akaipokea, akaisoma, akamwonyesha Feruzi. Ulikuwa mwandiko wa Mwajabu, herufi kubwa kubwa zilizopita mipaka ya visanduku. Katika vidokezo arobaini alikuwa ameona kimoja tu kilichoulizwa kwa lugha anayoijua, akakijibu, akaviacha vingine kwa wenyewe.

"Sheria inataka mraba wote," akasema Bi Sihaba. "Unajua kwamba siwezi kuipokea."

"Najua."

Akaiweka kwenye pipa. Zikabaki kuponi za Jumba la Wino. Hizo zilikuwa nyeusi, na ziliandikwa kwa chaki, nazo zilihesabiwa kama nyingine, kwa kuwa aliyepakwa wino hakunyimwa haki ya kufumbua. Makarani waliziita moja moja. Zabadi. Zabadi. Hata huko.

Ya mwisho ilipotolewa, Feruzi aliujua mwandiko kabla karani hajaisoma. Alikuwa amemshika mkono mwenye mwandiko ule akimfundisha kuandika alifu yake ya kwanza. Yu hai, akawaza, yu hai na anaandika. Na kama kuna mtu duniani anayejua anaitwa mwanangu ni yeye. Mfumbuzi mmoja tu, hata akiwa mwenyewe. Sheria haikumkataza mwenyewe.

Mraba ulikuwa umejaa, safi, bila herufi moja iliyofutwa. Thelathini na tisa sahihi.

"Kumi na saba," akasoma karani. "Zabadi."

Kwenye ukingo, kwa chaki iliyochongwa nyembamba, kulikuwa na mistari michache. Bi Sihaba akampa aisome mwenyewe.

*Baba, najua hii itapita mikononi mwako. Wamejaribu kunidanganya kwa sauti yako. Nilipoona kile cha kumi na saba nilitetemeka, kidogo niandike jina langu. Kisha nikajua si wewe. Wewe huwezi kutunga kidokezo kibovu namna ile. Nimetafuta msemaji, nikampata ngawa. Usihofu, Baba. Hawajanipata.*

Feruzi akasoma mara mbili. Na kitu cha kwanza kilichompanda kifuani, kabla ya uchungu, kabla ya kuelewa kwamba mwanawe amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe na hatatoka tena, kilikuwa fahari. Ngawa alikuwa amempata peke yake, gizani, bila kijiwe, bila mwongozo. Hakuna mfumbuzi mwingine ambaye angeweza. Alijua ni dhambi kuhisi hivyo, akahisi hivyo hivyo. Kisha uchungu ukafika, nao ukakaa.

Bi Sihaba alimsogezea karatasi ya majibu rasmi ya gazeti la wiki ijayo. Jibu lililoandikwa na wengi ndilo huchapishwa, na mtunzi hutia sahihi kwamba ndilo alilolikusudia.

Akaichukua kalamu. Mbele ya kumi na saba, kwenda kulia, akaandika ZABADI, kisha akatia sahihi chini yake.